Jinsi ya Kuchagua Oili Sili ya Shafti Inayozunguka: Mwongozo kwa Fundi wa Mashine za Viwandani

Wanaoanza kazi ya matengenezo viwandani huuliza mambo yale yale kuhusu oili sili: springi ikae upande gani, ile nyeusi na ile ya kahawia zinatofautianaje, na kwa nini sili mpya yenye namba ile ile ya zamani imeanza kuvuja kabla mwezi haujaisha. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu mashine inapozimwa hadi sili mpya inapokaa mahali pake.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu linabadilisha namna ya kufanya kazi yote. Namba tatu zilizoandikwa kwenye sili zinakuambia kama itaingia. Hazikuambii kama itadumu. Kudumu kwake kunategemea kasi, joto, aina ya oili, presha iliyomo ndani na hali ya uso wa shafti, na sili nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai kwamba ni feki ziliharibiwa na shafti iliyochimbika au kipumulio (tundu la kutolea hewa ya ndani ya mashine) kilichoziba.

Ili hesabu zisielee hewani, tutatumia mfano mmoja: giaboksi ya mkanda wa kusafirishia mizigo, ya aina inayoonekana katika viwanda vya sukari, saruji na chai. Mota inazunguka mara 1450 kwa dakika, shafti ya kuingilia ina kipenyo cha milimita 35, tundu la hauzingi (nyumba ya giaboksi ambamo sili hukaa) lina kipenyo cha milimita 52, na ndani kuna oili ya madini ya giaboksi ya daraja la unene la VG 220 ambayo hufika nyuzi 70 za Selsiasi wakati wa kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kalipa ya vernia, na mikromita ikiwa inapatikana. Rula na futi ya mshonaji hazifai kwa kazi hii.
- Geji ya saa yenye kishikio cha sumaku, kwa ajili ya kupima kuyumba kwa shafti.
- Kipimajoto cha kugusa au cha miale, tochi, kitambaa safi kisichoacha nyuzi, na kalamu ya kuandikia kwenye chuma.
- Taarifa za mashine: mizunguko kwa dakika kutoka kwenye kibao cha mota, uwiano wa giaboksi, na jina kamili la oili iliyomo. "Oili ya giaboksi" si jina kamili.
- Sili ya zamani, hata kama imechanika. Usiitupe.

Umeme ukatwe kwenye swichi kuu na kufungwa kwa kufuli kabla mkono wako haujagusa kaplingi. Mkanda wenye mzigo kwenye mteremko unaweza kurudi nyuma wenyewe pindi kaplingi inapofunguliwa, kwa hiyo uzuiwe kwanza.

Sehemu za sili, kwa ufupi

Oili sili ya kawaida ina kikombe cha chuma ambacho kwa nje huachwa wazi au hufunikwa kwa raba, mdomo wa raba unaogusa shafti, na springi ndogo ya mviringo inayoubana mdomo huo. Sili nyingi huongezewa mdomo wa pili, mwembamba na usio na springi, wa kuzuia vumbi. Mdomo mkuu haufanyi kazi ukiwa mkavu: kati yake na shafti kuna utando mwembamba mno wa oili unaoulainisha, na ndiyo maana kila kinachouharibu utando huo, iwe joto, mchanga au mikwaruzo, huiharibu sili.

Hatua ya 1: Hakikisha unachohitaji ni oili sili

Pampu ya maji inapovuja kwenye shafti, mara nyingi kilichokufa ni mekanikali sili, yenye nyuso mbili ngumu zinazosuguana, au pakingi ya kamba. Oili sili haiwezi kuchukua nafasi ya hivyo viwili, kwa kuwa haikuundwa kuzuia presha ya pampu. Mwongozo huu unahusu sili inayozuia oili au grisi isitoke na uchafu usiingie, katika giaboksi, mota, feni, mashine za kusaga na nyumba za beringi.

Hatua ya 2: Isome sili ya zamani kabla ya kuitoa

Tazama kwanza upande unaotazama nje, na upige picha kwa simu. Pima umbali kutoka uso wa hauzingi hadi mgongo wa sili, maana kina hicho ndicho kitakachokuambia baadaye mdomo mpya utakaa wapi kwenye shafti. Kisha nakili kila herufi na namba iliyoandikwa. Kwenye mfano wetu utakuta kitu kama TC 35 52 7: kipenyo cha shafti, kipenyo cha tundu, na upana, vyote kwa milimita.

Ukikuta mshale, uheshimu. Sili za aina hiyo zina mifereji midogo ya mshazari kwenye mdomo inayoirudisha oili ndani shafti inapozunguka upande mmoja tu, kwa hiyo ukiiweka kwenye mashine inayozunguka kinyume, sili hiyo itakuwa inasukuma oili nje. Kwa mashine inayogeuza mwelekeo mara kwa mara, nunua sili isiyo na mshale au yenye mifereji ya pande zote mbili.

Onyo: usidhani kwamba sili uliyoikuta ndiyo iliyokusudiwa na mtengenezaji. Mashine iliyofanya kazi miaka mingi imepitia mikono mingi, na huenda aliyekutangulia alifunga kilichopatikana siku hiyo.

Hatua ya 3: Pima shafti na tundu, si sili

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Huchukua sili ya zamani, hupima tundu la mdomo wake kwa kalipa, hupata 33 na kitu, kisha huenda dukani kuulizia sili ya 33. Mdomo usiofungwa kwa kawaida huwa mdogo kuliko shafti, kwani bila hivyo usingebana. Na mdomo uliochakaa nao una kipimo chake kisichokuwa na maana kwa yeyote. Vivyo hivyo, kipenyo cha nje cha sili hutengenezwa kikubwa kidogo kuliko tundu ili ikae kwa kubana. Sili ya 52 iliyofunikwa raba hupima kati ya 52.20 na 52.35, na hilo si kosa la kiwandani.

Pima shafti mahali ambapo hapajachakaa, yaani kando ya mstari wa mdomo wa zamani, katika pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Shafti za sili hutengenezwa kwa kiwango cha tofauti ya kipimo inayoruhusiwa kiitwacho h11, ambacho kwa shafti ya 35 kinaruhusu kutoka 34.84 hadi 35.00. Tundu hufuata H8, kwa hiyo tundu la 52 linaweza kuwa kati ya 52.000 na 52.046. Tundu likizidi hapo, sili itazunguka pamoja na shafti au kusukumwa nje.

Kwa mashine za zamani za Uingereza na Marekani, fikiria inchi kabla ya kukata tamaa. Shafti inayopima 44.45 ni inchi moja na robo tatu, wala si 45 iliyochakaa. Ukiipa sili ya 45 itavuja kwa sababu mdomo hauigusi kwa nguvu inayotakiwa. Inayopima 50.80 ni inchi mbili, na sili ya 50 itaibana mno, ipate joto na kukauka. Kuna mtego mmoja wa kuchekesha: shafti ya inchi moja na tatu kwa nane hupima 34.93, ambayo inaangukia ndani ya kiwango cha 35, hivyo sili ya milimita inaweza kuikubali shafti hiyo huku tundu lake la inchi likiikataa.

Upana wa sili una uhuru kidogo. Ukikosa ya 7, unaweza kutumia ya 8 endapo kina cha tundu kinaruhusu na haizibi njia ya oili ya beringi. Kipenyo cha shafti na cha tundu havina uhuru huo.

Hatua ya 4: Kokotoa kasi ya uso wa shafti

Mizunguko kwa dakika peke yake haitoshi, kwa kuwa shafti nene huusugua mdomo kwa kasi kubwa zaidi kuliko nyembamba. Zidisha 3.14 kwa kipenyo cha shafti kwa milimita, kisha kwa mizunguko kwa dakika, halafu gawanya kwa 60,000. Jibu ni mita kwa sekunde.

Shafti ya mfano wetu: 3.14 × 35 × 1450 ÷ 60,000 ni takriban mita 2.7 kwa sekunde. Shafti ya kutokea ya giaboksi hiyo hiyo, yenye kipenyo cha 80 na mizunguko 60 tu, inapata mita 0.25. Lakini feni yenye shafti ya 80 inayozunguka mara 2900 inapata zaidi ya mita 12 kwa sekunde, na hapo ndipo raba ya kawaida ya nitrili inapofika ukomo wake, ambao watengenezaji wengi huuweka kati ya mita 12 na 14. Raba ya fluoro inaweza kupita mita 30 kwa sekunde ikiwa ina oili ya kutosha.

Hatua ya 5: Chagua raba kwa joto na kimiminika

Joto linalohusika ni la mdomo, si la oili. Msuguano huufanya mdomo uwe na joto kuliko oili inayouzunguka kwa nyuzi 20 hadi 40, na zaidi ya hapo kasi inapokuwa kubwa au oili inapokuwa chache. Oili yetu ya nyuzi 70 inatupa mdomo wa nyuzi 90 au 95 hivi kwa kasi ya wastani. Bado tuko ndani, ila si kwa nafasi kubwa.

Raba ya nitrili, inayoandikwa NBR, ndiyo inayotosha kwa kazi nyingi za viwandani. Huvumilia oili za madini na grisi za kawaida, huhimili msuguano wa uchafu vizuri, na hufanya kazi hadi nyuzi 100. Ukiipitisha hapo kwa muda mrefu inakuwa ngumu na kupasuka. Kuna HNBR, ndugu yake aliyeimarishwa, ambaye hufika karibu na nyuzi 150, na kuna ACM, ambayo nayo huvumilia joto la kiwango hicho na oili zenye viongezo vingi, lakini haipendi maji hata kidogo.

Raba ya fluoro, inayoandikwa FKM na ambayo mafundi wengi huiita kwa jina la biashara Viton, hufika nyuzi 200 na kuvumilia oili nyingi zinazoishinda nitrili. Bei yake ni kubwa mara kadhaa. Sikubaliani na desturi ya kuifunga kila mahali kwa hoja kwamba ghali ndiyo bora: kwenye shafti inayokwenda polepole katikati ya vumbi la saruji, nitrili nzuri huweza kuihimili mikwaruzo vizuri zaidi. FKM inunuliwe pale joto, kasi au kemikali vinapoilazimu.

Silikoni, VMQ, huvumilia joto na baridi, lakini huchanika kwa urahisi na haifai kwa oili za giaboksi zenye viongezo vya presha kubwa. EPDM ni kwa maji, mvuke na kimiminika cha breki chenye glikoli. Ukiiweka kwenye oili ya madini huvimba na kuharibika. PTFE ni kwa kemikali kali na kwa kasi kubwa penye ulainishaji hafifu, na huhitaji shafti ngumu na uangalifu mkubwa wakati wa kufunga.

Ikiwa giaboksi yako, hasa ile ya skrubu na gurudumu, imejazwa oili sintetiki ya poliglikoli, usichague kwa kukisia. Soma karatasi ya mtengenezaji wa oili kuhusu raba zinazokubaliana nayo, kwa kuwa nitrili mara nyingi haidumu humo joto linapopanda.

Rangi si ushahidi. NBR kwa kawaida ni nyeusi na FKM kwa kawaida ni ya kahawia, lakini kuna FKM nyeusi, na hakuna kinachomzuia mtu kutia rangi ya kahawia kwenye nitrili. Tafuta alama ya raba kwenye sili au kwenye pakiti.

Onyo la usalama: usichome sili ya FKM kwa gesi ili kuitoa, na usiishike kwa mkono mtupu ikiwa imeungua kwenye moto au kwa kulehemu karibu nayo. Raba hii ikizidishiwa joto hadi kuoza hutoa floridi ya haidrojeni, ambayo pamoja na unyevu hugeuka kuwa asidi inayopenya ngozi na kula hadi kwenye mfupa. Masalia yake meusi yanayonata yashikwe kwa glavu zinazozuia kemikali.

Hatua ya 6: Chagua umbo

Watengenezaji wengi wa Asia, ambao sili zao ndizo zinazojaa madukani kwetu, hutumia herufi mbili. Ya kwanza inaeleza midomo: S ni mdomo mmoja wenye springi, T ni mdomo wenye springi pamoja na mdomo wa vumbi, V ni mdomo mmoja usio na springi, na K ni mdomo usio na springi pamoja na mdomo wa vumbi. Ya pili inaeleza sehemu ya nje: C ni raba, B ni chuma, na A ni chuma chenye kikombe cha pili ndani cha kuimarisha. Kwa hiyo TC ina midomo miwili na nje imefunikwa raba.

Kiwango cha Kijerumani cha DIN 3760 hutumia herufi zile zile kwa maana nyingine, na mkanganyiko huu umenunulisha wengi sili isiyo yao. Humo A ni nje ya raba, B ni nje ya chuma, C ni chuma kilichoimarishwa, na S ikifuata nyuma humaanisha kuna mdomo wa vumbi. AS ya Kijerumani ndiyo TC ya Asia, na CS ndiyo TA.

Nje ya raba huziba vizuri zaidi kwenye tundu lenye mikwaruzo midogo, kwenye hauzingi iliyogawanyika vipande viwili, na kwenye hauzingi ya alumini, ambayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma na kuilegeza sili ya chuma tupu. Nje ya chuma hushika kwa nguvu zaidi na hufaa tundu safi la chuma. Mahali panapooshwa kwa maji kila siku, kama viwanda vya maziwa na samaki, chagua nje ya raba na springi ya chuma kisichopata kutu.

Mdomo wa vumbi ni wa vumbi la kawaida. Kwenye kinu cha unga au kiwanda cha saruji hautoshi peke yake, nao uongezewe V-ringi inayovaliwa kwenye shafti na kugusa uso wa hauzingi, au chemba ya grisi inayosukumwa mara kwa mara ili grisi itoke na uchafu. Kwa upande mwingine, katika kasi kubwa na mazingira safi, mdomo huo huongeza joto bila faida, na hapo SC ni chaguo bora kuliko TC.

Hatua ya 7: Angalia presha na kipumulio

Sili ya kawaida si ya presha. Kwa mwendo wa polepole huvumilia hadi bar 0.5, na kasi inapopanda hadi mita 5 au 6 kwa sekunde kiwango hicho hushuka hadi karibu bar 0.2. Hewa iliyo ndani ya giaboksi hutanuka mashine inapopata joto, na isipopata pa kutokea huusukuma mdomo uibane shafti hadi ukauke.

Kwa hiyo fungua kipumulio na ukisafishe kabla ya kununua chochote. Katika viwanda vyenye vumbi huziba, na mara nyingine mtu mwenye nia njema amekipaka rangi pamoja na giaboksi nzima. Angalia pia kiwango cha oili, maana oili iliyozidi hupiga povu, hupata joto na kuifunika sili kwa mzigo ambao haukupangwa. Endapo mashine yenyewe huendeshwa kwa presha, omba sili ya presha yenye mdomo mfupi na mnene, na utaje presha hiyo kwa namba.

Hatua ya 8: Kagua shafti kwa ukali

Pitisha ukucha juu ya mstari wa mdomo wa zamani. Ukikwama, shafti imechimbika, na sili mpya itakayokaa kwenye mfereji huo itavuja hata kama imetoka kiwanda bora duniani. Una njia tatu. Ya kwanza ni kuusogeza mdomo milimita mbili au tatu, kwa kubadilisha kina cha kusukumia au kwa kuweka pete nyembamba nyuma ya sili, mradi huzibi njia ya oili. Ya pili ni kuvalisha shafti bushi nyembamba ya chuma kisichopata kutu, ambayo huwa na unene wa robo milimita hivi na hukuruhusu kuendelea na sili ya kipimo kile kile. Speedi-Sleeve ndilo jina linalojulikana zaidi. Ya tatu ni kumpelekea fundi wa kukereza ajaze na kusaga upya.

Uso unaofaa una ukwaruzo wa Ra 0.2 hadi 0.8 ya mikroni. Watu hushangaa kusikia kwamba uso unaong'aa kama kioo nao haufai, kwa sababu hauna vijishimo vya kushikilia oili na mdomo huungua. Ugumu, kwa kipimo cha Rockwell C, uwe angalau HRC 45, na HRC 55 kasi inapozidi mita 4 kwa sekunde.

La muhimu kuliko ukwaruzo wenyewe ni mwelekeo wa alama za kusaga. Zikikaa kwa mshazari, hufanya kazi ya uzi wa parafujo na kuisukuma oili nje chini ya mdomo usio na kasoro yoyote. Ili kuzipima, iweke shafti mlalo kabisa kwenye mashine ya kukereza, ipake oili nyepesi kidogo, ning'iniza juu yake uzi wa cherehani wenye uzito mdogo, kisha izungushe polepole. Uzi ukisafiri kwenda upande mmoja, na kurudi unapogeuza mwelekeo, kuna mshazari. Kwa sababu hiyo usisugue shafti kwa msasa ukiuvuta kwa urefu. Alama za mwisho ziwe za kuizunguka shafti, bila kusafiri.

Malizia kwa geji ya saa. Kwa mizunguko 1450, kuyumba kusizidi takriban milimita 0.2. Kukizidi, tatizo ni beringi au shafti iliyopinda, na kubadilisha sili ni kupoteza oili na fedha.

Hatua ya 9: Nunua kwa maelezo kamili

Usimwambie muuzaji "nipe ya giaboksi ya mkanda." Mwandikie: 35 × 52 × 7, umbo TC, raba NBR, kasi mita 2.7 kwa sekunde, oili ya madini VG 220. Akikupa, ikague mbele yake: mdomo usiwe na mkato wala kipande cha raba kilichobaki, springi ikae mzunguko mzima kwenye nafasi yake, na raba irudi haraka unapoibonyeza.

Kataa sili zilizotundikwa kwenye msumari au kamba, jambo la kawaida madukani, kwa sababu mdomo huvutwa na kupoteza umbo lake la mviringo. Kataa pia zilizokaa juani au karibu na mota, ambako ozoni hupasua raba. Zinazohifadhiwa vizuri, chini ya nyuzi 25, kwenye giza na ndani ya pakiti, hudumu muda mrefu: kiwango cha ISO 2230 huipa nitrili miaka 7 na FKM miaka 10 kabla ya kukaguliwa upya.

Hatua ya 10: Funga bila kuharibu ulichokichagua

Springi hutazama kimiminika unachotaka kukizuia. Kwenye giaboksi, hiyo ina maana springi ndani, mgongo nje. Ila kwenye nyumba ya beringi ya grisi ambako unataka grisi ya zamani itoke unapopampu mpya, mdomo hugeuzwa utazame nje kwa makusudi.

Safisha tundu, ondoa kingo kali, paka oili ile ile ya mashine kwenye mdomo na shafti, na kwa TC jaza grisi kiasi cha theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo kati ya midomo miwili. Funika mfereji wa kii na nyuzi za boliti kwa karatasi ngumu ya plastiki, kwani kingo zake hukata mdomo bila wewe kuhisi. Sukuma kwa presi au kwa bomba lenye kipenyo kidogo kuliko tundu kwa nusu milimita hadi moja, ukisukuma mzunguko wote sawasawa. Usigonge kwa nyundo upande mmoja kisha mwingine, na usipake gundi ya silikoni karibu na mdomo. Ukiitoa sili iliyokwisha kufungwa, hata kama inaonekana mpya, weka nyingine.

Ikivuja bado

Unyevu mdogo katika saa za kwanza ni wa kawaida, mdomo unapojikalisha. Matone yanayoendelea si ya kawaida, na sili ukiitoa itakuonyesha chanzo.

Mdomo ukiwa mgumu na wenye nyufa ndogo, joto limezidi: pima upya oili, angalia kiwango chake, na fikiria HNBR au FKM. Ukiwa umevimba na kulainika, raba na oili havipatani, au kuna mtu amesafisha kwa petroli. Ukiwa umelika upande mmoja tu, shafti haiko katikati ya tundu au sili ilikaa mshazari. Ukiwa umelika sana kwa mzunguko mzima huku shafti ina mfereji mpya, uchafu unaingia kutoka nje au oili yenyewe imejaa chembe za chuma, na kubadilisha raba hakutasaidia mpaka oili ibadilishwe.

Springi ikiwa imetoka nje ya nafasi yake, iling'olewa kwa nyundo wakati wa kufunga au mdomo ulipinduka ulipokutana na shafti isiyo na mwinamo mwishoni. Mwinamo wa nyuzi 15 hadi 25, usio na ukingo mkali, unaondoa tatizo hilo.

Oili ikitoka nje ya kikombe badala ya kwenye mdomo, tundu ni kubwa, limekwaruzika, au umetumia chuma tupu penye alumini. Itofautishe mapema: paka poda ya talki kavu kuzunguka sili, endesha mashine kwa dakika chache, na utaona mstari wa unyevu unaanzia wapi.

Mdomo ukiwa mzima kabisa, laini, bila alama yoyote, na bado oili inatoka, acha kuilaumu sili. Rudi kwenye kipumulio, kisha kwenye mshale wa mwelekeo, kisha kwenye jaribio la uzi. Na ikiwa vyote vitatu viko sawa, kagua njia ya kurudishia oili iliyo kati ya beringi na sili, ambayo huziba kwa tope na kuiacha oili ijae nyuma ya mdomo muda wote mashine inapofanya kazi.